Ndege Ichukuayo Mizigo ya Jeshi

 Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya ndege moja ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya mbio wala kwa ajili ya uzuri. Kazi yake ni ya mpagazi: kuchukua mzigo, kuufikisha mahali pasipo barabara njema, kuutua, na kurudi. Jina lake ni C-130 Hercules. Hercules alikuwa shujaa wa hadithi za Wayunani wa kale, mtu mwenye nguvu nyingi, aliyepewa kazi kumi na mbili ngumu akazitimiza zote.

Huenda mtu akauliza, sisi wakulima wa kahawa na ndizi tuna shauri gani na ndege ya jeshi? Shauri tunalo. Katika muda wa miaka 18, tangu 1976 hata 1994, ndege hii ilikuja karibu nasi mara nyingi. Ikatua Entebbe ng'ambo ya ziwa, na ikatua Kigali ng'ambo ya mto. Kila mara ilikuwa ndege ya namna ile ile, lakini mzigo wake haukuwa ule ule. Kwa hiyo yafaa tuijue vema, ili tujue pia la kuuliza tunapoiona au kuisikia.

Kwanza tueleze jinsi ilivyozaliwa. Mwaka 1950 vita vilianza katika nchi ya Korea, na jeshi la Marekani likaona kwamba ndege zake za mizigo hazitoshi. Zile za zamani zilikuwa na nguvu kidogo, na nyingi zilikuwa na mlango mdogo wa ubavuni, hata gari halikuweza kuingia kwa urahisi. Mwaka 1951 jeshi likawaomba watengenezaji wa ndege waunde ndege mpya. Kampuni ya Lockheed ndiyo iliyopewa kazi. Ndege ya kwanza iliruka tarehe 23 Agosti 1954, na mwaka 1956 jeshi likaanza kuzitumia. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 2,500, na hata leo zaendelea kuundwa. Ni ndege chache sana duniani zilizodumu hivyo. Wako marubani wanaoziendesha leo ambao babu zao waliziendesha pia.

Siri ya kudumu kwake ni nini? Kwanza ni mlango wake. Mkia wa ndege hii umeinuliwa juu, na chini ya mkia pana mlango mpana ufungukao na kushuka mpaka chini kama daraja. Gari laweza kupanda kwa magurudumu yake lenyewe. Sakafu yake i karibu sana na ardhi, hata lori likirudi nyuma mpaka mlangoni, sakafu mbili hukutana, na mizigo husukumwa tu. Chumba chake cha mizigo kina urefu wa kama meta 12, upana wa meta 3, na kimo cha meta 2.7. Hubeba tani 18 au 19. Tufanye hesabu ya nyumbani: gunia la kahawa safi lina kilo 60, basi ndege hii yaweza kuinua magunia 300 kwa safari moja. Badala ya mizigo, yaweza kuchukua askari 92, au wagonjwa 74 waliolala katika machela.

Pili ni mabawa yake. Mabawa yamewekwa juu ya mwili, wala si chini kama katika ndege nyingi za abiria. Kwa hiyo injini zake nne zi mbali na mawe na vumbi la ardhini. Magurudumu yake makubwa hukaa ubavuni mwa mwili, moja nyuma ya jingine, hata yakipita katika udongo hayazami upesi. Kwa sababu hiyo kiwanja cha udongo mgumu chenye urefu wa kilometa moja hivi humtosha rubani aliyefundishwa. Mwaka 1963 Wamarekani waliitua hata juu ya meli baharini, katika manowari ichukuayo ndege, iitwayo Forrestal, nayo ikasimama bila ya kushikwa kwa kamba.

Tatu ni injini zake. Wanafunzi, sikilizeni hapa. Ziko injini zinazosukuma ndege kwa pumzi yake ya moto itokayo nyuma. Hizo huenda mbio sana, lakini hunywa mafuta mengi, hasa ndege ikienda polepole na chini. Ziko nyingine za zamani, zifanyazo kazi kama injini ya gari, zikizungusha rafadha, ambayo wengi wetu huiita pangaboi. Injini ya Hercules imeunganisha njia hizo mbili. Hewa huingia mbele, hushindiliwa, mafuta huchomwa ndani yake, na pumzi kali itokayo huzungusha gurudumu lenye vibao vingi vidogo, kama vile upepo uzungushavyo kijipanga cha jani ambacho mtoto amekichomeka katika kijiti. Gurudumu hilo huzungusha mtaimbo, na mtaimbo kwa msaada wa meno ya chuma huzungusha rafadha kubwa mbele ya injini. Hivyo ndege hupata nguvu nyingi kwa uzito mdogo, huweza kuruka upesi kutoka kiwanja kifupi, na haimalizi mafuta ovyo. Mwendo wake ni kama kilometa 540 kwa saa. Kutoka Kigali mpaka Kayanga ingetumia robo saa hivi.

Sasa tueleze jamaa zake. Kwa kuwa chumba chake ni kitupu na kipana, watu wameweza kuugeuza mwili ule ule kuwa vyombo vingi. Iko iliyotiwa bunduki kubwa ubavuni upande wa kushoto. Huzunguka juu ya mahali pamoja usiku na kupiga chini. Iko iliyotiwa matangi na mipira mirefu, nayo huzinywesha ndege nyingine mafuta hali zikiruka. Iko iliyowekwa vyombo vya kupimia hewa. Hiyo huingia ndani kabisa ya tufani za bahari, ili watu wa pwani wapate habari mapema na kukimbia. Iko yenye mbao za kutelezea chini ya magurudumu, nayo hutua juu ya barafu huko Antaktika, katika ncha ya kusini ya dunia. Nyingine hutiwa tangi la kuzimia moto, na humwaga juu ya misitu iwakayo lita zaidi ya 11,000 katika sekunde chache. Na ilikuwako moja ya ajabu zaidi, iliyoitwa Commando Solo, iliyochukua mitambo ya redio. Hiyo iliweza kutangaza kutoka angani, au kuziba matangazo ya mwingine yasisikike. Ikumbukeni hiyo, maana tutairudia.

Basi tuje kwetu. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya abiria ya Ufaransa, iliyotoka Tel Aviv ikienda Paris, ilitekwa na Wapalestina na Wajerumani, ikapelekwa Entebbe, Uganda. Idi Amin alikuwa mtawala wa nchi hiyo wakati ule, naye akawapokea watekaji. Wengi katika abiria waliachiliwa, lakini Waisraeli na Wayahudi wengine walizuiwa, pamoja na waendeshaji wa ndege ambao hawakukubali kuwaacha. Tarehe 3 Julai ndege nne za Hercules ziliondoka Israeli, zikaenda safari ya kama kilometa 4,000, zikatua Entebbe gizani. Mlango wa nyuma wa ile ya kwanza ulipofunguka, ilitoka motokaa nyeusi ya Mercedes, iliyofananishwa na motokaa ya Amin, ili walinzi wadanganyike. Katika muda wa saa moja na nusu hivi kazi ilikwisha, na watu 102 waliokolewa. Ndege zikatua Nairobi kupata mafuta, kisha zikarudi kwao.

Dunia yote ilistaajabu, na mpaka leo jambo hilo husimuliwa kama hadithi ya ushujaa. Lakini mwalimu mwema husoma ukurasa wote. Mateka watatu walikufa, na kamanda wa kikosi, Yonatan Netanyahu, aliuawa. Askari wengi wa Uganda walikufa. Bibi mzee mmoja, aliyekuwa amelazwa katika hospitali ya Mulago, alibaki nyuma, naye akauawa na watu wa Amin. Tena Wakenya wengi waliokuwa wakikaa Uganda waliuawa kwa kisasi, kwa kuwa nchi yao ilizipa ndege zile mafuta. Nao hawakuwa na habari yo yote. Ndege zilipokwisha kuondoka, maskini wa nchi ndio waliolipa.

Miaka miwili ikapita, na vita vikatufikia. Tarehe 30 Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia nchi yetu ya Tanzania, wakashika sehemu ya kaskazini ya mto Kagera, wakavunja daraja la Kyaka, wakaua raia na kuchukua ng'ombe na mali. Jeshi letu halikuwa na Hercules. Askari wetu wengi walikuja kwa reli, kwa meli, kwa malori, na hata kwa mabasi ya abiria, katika matope ya mvua. Walakini Amin alikuwa na rafiki, yaani Gaddafi wa Libya, aliyempelekea askari na silaha kwa ndege mpaka Entebbe. Wengi katika askari hao hawakuijua nchi waliyoletwa. Mwezi wa Machi 1979 walishindwa huko Lukaya. Tarehe 7 Aprili jeshi letu liliuteka Entebbe, na Hercules moja ya Libya, iliyokuwa ikijaribu kuruka na kukimbia, ilipigwa, ikateketea kiwanjani. Siku chache baadaye Kampala ikaanguka. Tazameni basi: kiwanja kile kile, namna ile ile ya ndege. Mara ya kwanza mlango ulifunguka kutoa waokozi wa mateka. Mara ya pili ulifunguka kutoa vijana waliotumwa kufa kwa ajili ya jeuri ya mtu mmoja.

Sasa tuje katika mwaka 1994, na hapa twaomba watoto wakae karibu na wazazi wao. Mwezi wa Aprili mwaka huo mauaji makuu yalianza Rwanda. Watutsi walitafutwa nyumba kwa nyumba, pamoja na Wahutu waliokataa ubaya huo. Katika siku kama mia moja watu wapatao laki nane, na wengine husema zaidi, waliuawa.

Siku za kwanza, yaani tangu tarehe 9 Aprili, ndege za mizigo za Ufaransa na Ubelgiji zilitua Kigali. Wafaransa walitumia ndege zao ziitwazo Transall, nazo ni za rafadha na zina mlango wa nyuma vile vile. Wabelgiji walitumia Hercules. Zilikuja kuwachukua wageni. Wazungu walipakiwa wakaokoka, na hakuna mtu awezaye kuwalaumu kwa kuokoka. Lakini Wanyarwanda walio wengi waliachwa. Katika shule moja ya ufundi mahali paitwapo Kicukiro, watu kama 2,000 walikuwa wamekimbilia chini ya ulinzi wa askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliamriwa kuondoka. Wakaondoka, na wengi wa wale 2,000 waliuawa siku ile ile. Nafasi katika ndege hupimwa kwa tani. Lakini siku ile ilipimwa kwa uraia wa mtu.

Wala tusiseme kwamba wote waliondoka. Ndege mbili za Hercules za Kanada ziliendelea kuruka kutoka Nairobi mpaka Kigali, ingawa kiwanja kilikuwa kikipigwa mizinga, zikiwaletea chakula na dawa wale askari wachache wa Umoja wa Mataifa waliobaki pamoja na Jenerali Dallaire, na kuwatoa majeruhi. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa kamba yao peke yake ya uhai. Ndege yao ilikuwa sawa na zile zilizoondoka. Walioziagiza ndio walioachana.

Tena ilikuwako redio. Wasikilizaji, sisi tunaosema nanyi kwa chombo hiki hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Redio moja ya Kigali, iitwayo RTLM, ilikuwa ikiwachochea watu kuua, ikitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Huko Marekani watu wakauliza, je, redio hiyo haiwezi kuzibwa? Ile ndege ya Commando Solo tuliyoitaja iliweza kupelekwa. Tarehe 5 Mei 1994 afisa mkuu mmoja wa wizara yao ya ulinzi aliandika barua, akasema kwamba kufanya hivyo hakutafaa kitu na ni ghali, maana saa moja ya kuruka yagharimu dola kama 8,500. Akataja pia sheria za mataifa na milima ya Rwanda kuwa vizuizi. Ndege haikupelekwa. Redio ikaendelea kusema. Watu wenye elimu hubishana mpaka leo kama ingaliweza kuokoa wengi au wachache. Sisi twasema neno moja tu: gharama ya saa moja ilihesabiwa kwa makini, na gharama ya upande wa pili haikuandikwa katika barua ile.

Yaliyofuata twayajua wenyewe, maana yalipita mbele ya macho ya nchi hii. Mwezi wa Mei mto Kagera, unaotupa jina la mkoa wetu na mpaka wetu, ulichukua maiti mpaka ziwani. Kabla ya hapo, tarehe 28 na 29 Aprili, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wengine waliingia Karagwe, na makambi yakajengwa katika nchi yetu, yakawa na wakimbizi zaidi ya laki moja. Wenyeji waliwapisha mashamba, wakagawana nao visima na kuni. Miti mingi ilikatwa, na mpaka wengi walipoondoka mwishoni mwa mwaka 1996, vilima vingi vilikuwa vitupu.

Mwezi wa Julai 1994 watu kama milioni moja walikimbilia Goma, katika Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Ndipo ndege zikaja kwa wingi. Wamarekani waliifanya Entebbe kuwa kituo chao. Kiwanja kile cha mwaka 1976 na cha mwaka 1979 sasa kilijaa maji, dawa, na vyakula; na Hercules ziliviondoa pale kuvipeleka Goma na Kigali. Ziliokoa watu wengi. Lakini hata rehema ina ufundi wake. Tarehe 24 Julai chakula kilichoangushwa kutoka angani karibu na kambi moja ya Goma kilianguka mbali na mahali palipokusudiwa. Walioifanya kazi hiyo vizuri zaidi ni wale waliokuwa Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, ambao tangu mwaka 1989 walipeleka chakula Sudani ya Kusini kwa miaka mingi. Wao walitia nafaka katika gunia ndani ya gunia jingine, ili la ndani lisipasuke lipigapo chini. Tena walikuwa na watu wao ardhini waliochagua uwanja, wakauwekea alama, na kuwaondoa watoto na mifugo kabla ndege haijafika. Chakula huokoa kikiwa na mtu wa kukipokea.

Basi, wasikilizaji wetu, tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba watu wenye akili waliweza kuunda chombo kimoja kinachofaa kwa kazi nyingi, kwa kufikiri juu ya mambo madogo: mlango uwe wapi, sakafu iwe na kimo gani, mabawa yawekwe juu au chini. Huo ni mfano mwema kwa wanafunzi wapendao ufundi. Jeshi letu pia limetumia ndege za namna hii, kama Buffalo ya Kanada yenye injini mbili, na Y-8 ya China yenye injini nne, nazo zahitaji vijana wajuao hesabu na vyuma. Kwa nini wasitoke Nkwenda, au Nyaishozi, au Murongo?

Lakini mlango wa nyuma haujifungui wenyewe. Katika kila ndege tuliyoitaja jioni hii alikuwako mtu aliyeandika orodha: nani aingie, nani abaki, nini kipakiwe, saa ngapi iruke, na kama gharama yafaa. Orodha hiyo huandikwa mezani, mbali na kiwanja, na mwandishi wake alikuwa mwanafunzi siku moja, akafundishwa kusoma na kuhesabu kama ninyi. Huenda mmoja wenu ataandika orodha kama hiyo, ikiwa si ya ndege, basi ya lori la chama cha ushirika, au ya dawa katika zahanati, au ya chakula cha njaa kijijini. Siku hiyo asihesabu shilingi peke yake. Aandike pia, katika upande wa pili wa karatasi, majina ya wale watakaobaki nyuma.